Ukurasa Uliobaki Ndani ya Buti

Kijiwe chenyewe ni benchi moja nje ya banda la Fundi Viatu, mguu wake umefungwa waya, na chupa ya kahawa ambayo ni ya kila mtu mpaka siku ya kuoshwa. Asubuhi hiyo hakukuwa na soga za mpira. Fundi alikuwa na karatasi iliyojikunjakunja magotini, na basi la kupeleka barua mji aliko mwanawe lilikuwa linaondoka saa sita.

Habari waliijua wote, lakini Fundi aliirudia, maana ilikuwa inamla. Kwa miaka mitatu kijana wake alijifunza Kiklingoni, lugha iliyobuniwa kwa ajili ya watu wa sinema wanaotoka sayari nyingine. Akajaza daftari zima, Kiswahili huku, Kiklingoni huku. Fundi akaona huo ni uvivu wenye mistari. Akalichana daftari, akasokomeza karatasi ndani ya viatu vya wateja visipoteze umbo, kama anavyofanya na karatasi yoyote. Wateja wakachukua viatu vyao, kijana akahamia kwa mjomba wake. Huu mwezi wa tano, simu hapokei. Juzi tu Fundi alikuta ukurasa mmoja ndani ya buti ambalo mwenyewe hakulirudia. Ulikuwa wa maneno ya kuulizia: nini, nani, wapi, lini, kwa nini, vipi, ngapi.

— Nataka kumuuliza atarudi lini, akasema. “Lini” ninalo. “Atarudi” lilikwenda na viatu vya mtu.

Satelaiti, ambaye kazi yake ni kufunga madishi na kwa hiyo mambo ya angani ni yake yote, alisema lini tupu inatosha. Wale wa sinema ni wapiganaji, hawana muda wa kubembelezana. Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kuitwa shahidi mara moja maishani, akapinga. Lini tupu ni kitisho, kijana atadhani anaulizwa atakufa lini. Aandikiwe maneno yote saba, achague mwenyewe. Satelaiti akaja juu: huko ni kumhoji mtu kama mwizi, na pengine kwenye sayari ile hakuna kurudi kabisa, mtu akiondoka ameondoka.

Fundi akaunyoosha ukurasa kwa kiganja.

Wakili akauchungulia ukurasa, akagundua “ipi” haimo. Satelaiti akakumbuka kijana alivyowahi kumweleza: wale hawaulizi ipi, wanaamuru, kitaje.

— Basi nawe amuru, akasema Wakili. Tutafute namna ya kumwambia rudi.

— Nimemwamuru miaka kumi na tisa, akasema Fundi. Ndiyo maana yuko huko.

Fundi akachukua kalamu, akaandika katikati ya karatasi safi neno moja: ghorgh, yaani lini. Akalilinganisha na ukurasa herufi kwa herufi, kama anavyolinganisha soli mbili.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama mmoja aliyekuwa akingoja kisigino cha kiatu chake kishike gundi, mguu mmoja peku juu ya kipande cha boksi.

— Samahani, baba. Naye akijibu, nani atakusomea?

Wakili akainamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe, halikutoka tone. Satelaiti akaangalia juu. Fundi yeye alikuwa anakiangalia kiatu kingine cha yule mama, kile alichokivaa. Ushonaji ule ulikuwa wa mkono wake.

— Hicho nilikutengenezea mimi, mama?

— Ndiyo, miezi mitano iliyopita.

— Ndani kulikuwa na karatasi?

— Zilikuwemo, zimeandikwaandikwa. Nilizitupa, baba. Zilikuwa na kazi?

Honi ya basi ikasikika kutoka stendi. Fundi akakishika kisigino, akakibonyeza kwa kidole gumba. Gundi ilikuwa bado haijashika.