Mama Kadi na Droo Nilizozipanga Upya

Baada ya miaka thelathini na minne katika kitengo chetu cha kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, mhariri mwandamizi tuliyezoea kumwita Mama Kadi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nikiwa mkuu wa kitengo, nimeombwa niandike wasifu wake. Nimekubali kwa shingo upande, na mtaona kwa nini.

Alianza kama mpiga taipu. Miaka miwili baadaye alikuwa anawasahihisha wahariri, nao wakaona afadhali wampe meza kati yao. Amefundisha kazi wahariri kumi na mmoja, mimi nikiwemo, na matoleo mawili ya kamusi yamepita mikononi mwake.

Utaratibu wake haukubadilika. Kila maana ya neno ilipata kadi yake, kwa penseli, na kadi haikuingia kwenye droo mpaka mtu wa fani hiyo asomewe na aridhike. Neno "spring" peke yake lilimla miezi minne. Fundi wa magodoro wa mtaa wa nyuma alisomewa kadi ya springi, akamwambia hiyo si springi, hiyo ni hotuba. Mama Kadi alicheka hadi akakaa juu ya godoro, kisha akaikata ikabaki maneno tisa.

Ndani ya droo, kadi zilifuatana kwa umri wa maana. Kwa "spring" alianza na asili yake ya kale, kuruka au kuchomoka ghafla. Ikafuata chemchemi, maji yanapochomoka ardhini. Halafu majira ambayo majani huchomoza baada ya baridi, na chuma kilichosokotwa, kinachoruka ukikiachia. Kati ya majira na chuma, ipi ilitangulia? Alibishana na vitabu mwezi mzima, na mwezi huo hakuna aliyethubutu kumwomba penseli. Toleo la tatu lingekuwa la kwanza kuwaonyesha wasomaji safari hiyo ya kila neno. Alitaka alishike mkononi kabla hajastaafu.

Miaka miwili iliyopita tulihamia chumba cha chini. Sisi watu wa kamusi tuna ugonjwa wetu: tukiona karatasi mbili, tunazipanga kwa alfabeti. Jumamosi na Jumapili nilikunja mikono ya shati nikapanga upya droo zote, kila neno na kadi zake: chemchemi, kuruka, majira, springi. Zilipendeza. Kadi hazikuwa na namba, kwa sababu mwenyewe alikuwa anaijua kila droo kama jikoni kwake.

Jumatatu alivuta droo ya kwanza, akasimama. Aliuliza nani amepanga. Nilisema ni mimi, nikasubiri kupongezwa. Alinitazama kidogo, akasema, "Umejitahidi, mwanangu," akavuta kiti, akaanza upya na herufi A.

Hakunisema kwa mtu yeyote. Alirudia vitabu vyote, safari hii akiandika namba kwenye kona ya kila kadi. Wiki iliyopita alimaliza "spring", akafunga droo. Nusu ya S, na T mpaka Z, bado ziko nilivyoziacha mimi. Toleo la tatu halijaenda kiwandani, na yeye anaondoka mikono mitupu.

Mama Kadi, siku ile nilipaswa kukuomba radhi kwa mdomo. Niliona aibu, na kila wiki iliyopita aibu ikaongezeka. Nakuomba radhi sasa, mbele ya wenzetu wote. Asante kwa subira yako, ambayo sikuistahili.

Umetuambia tukikwama tukupigie simu. Tumekaa kikao, tumekubaliana: hatutapiga. Tutakwama, tutakosea, tutarudi vitabuni wenyewe. Miaka miwili niliyokunyang'anya inatosha. Iliyobaki ni yako, na tunakuombea iwe mingi na yenye furaha.