Kanga Niliyemchora Kwenye Chupa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe pia na yule anayesoma haya kwa shingo upande. Mimi ni Nekesa, yule mama wa kuandika mabango. Wengi wenu mnanijua. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama katika kanisa hili hili nikatoa ushuhuda. Mlipiga makofi, mkaniimbia, akina mama wakanikumbatia. Ndugu zangu, ushuhuda ule ulikuwa na uongo ndani yake. Kuna sehemu niliiruka, na sehemu ile niliyoiruka ndiyo iliyokuwa ushuhuda wenyewe. Sasa nauandika upya katika kijitabu chetu, ili waliosikia wa kwanza wausome huu.

Mchungaji ameniomba nisitaje majina. Anasema kusamehe ni kusahau. Mchungaji wangu nampenda, lakini yeye hakuzika ndugu. Majina nitayataja.

Nilizaliwa upande wa Kenya, karibu na mpaka. Shule niliiacha darasa la tatu. Vita vya themanini na sita vilipokwisha nilivuka kuja Kampala na mdogo wangu Wafula, wakati kuta za mji zilikuwa bado na matundu ya risasi na kila mwenye duka alitaka bango jipya. Nilianza kwa kumshikia ngazi fundi mmoja pale Nakasero. Fundi yule alikuwa mlevi. Siku moja mkono wake ulitetemeka mno, nikachukua brashi nikamalizia mimi. Tangu siku hiyo nikawa fundi, na tangu siku hiyo hiyo, nisiwafiche, nikaanza kunywa kama fundi. Bucha, saluni, kinyozi, duka la dawa, yote niliandika. Herufi nilizijua kwa umbo lake, kama unavyojua sura za watu.

Nilipopita miaka thelathini nikasikia kuna chuo cha jamii nyuma ya viwanda vya Bugolobi, kinafundisha sanaa ya biashara na mambo ya picha na matangazo. Hawakudai cheti. Walitaka uonyeshe kazi ya mkono wako. Niliwapeleka kwenye bucha ya jirani, nikawaonyesha ng'ombe niliyemchora ukutani. Wakanipokea.

Ndugu zangu, mimi kukaa darasani! Nilikuwa mkubwa kuliko wote. Vijana waliniita Jajja, yaani bibi, na mimi niliwajibu kwamba Jajja wao atawapita kwenye mtihani. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa kama maiti. Kamera moja, tunaishika kwa zamu watu watano watano. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, mimi nikiambiwa kwa Kiswahili na msichana aliyekaa karibu nami. Lakini ikifika saa ya kuchora, darasa zima lilikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kusimama nyuma yangu kutazama kitu ninachofanya. Nilitaka cheti kile kuliko nilivyotaka mume. Nilitaka kukitundika ukutani, nionekane ni mtu aliyesoma.

Mwalimu wetu aliitwa Ssempala. Hilo ni jina la kwanza. Alikuwa fundi kweli, sitamnyima hilo. Ndiye aliyenifundisha kupiga mistari ya penseli kabla ya herufi, na kuacha nafasi ili jicho lipumzike. Mwaka wa pili akatupa zoezi: kila mtu achore lebo ya chupa ya waragi, ile pombe kali ya Uganda, jina lolote atakalobuni. Mimi nilimchora kanga, yule ndege wa madoadoa. Madoa niliyapiga moja moja kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Miguu ya ndege huwa inanishinda, kwa hiyo nikaificha kwenye majani. Juu nikaandika KANGA kwa herufi nyekundu zenye kivuli. Ssempala aliitazama kwa muda mrefu. Akasema lebo hii itakaa kwenye faili la chuo. Nilipoiomba baadaye, akasema iko kwa watu wa mtihani. Nikafurahi zaidi.

Baadaye nilikuja kujua haikuwa kwa watu wa mtihani. Aliipeleka Kikuubo, kwenye vichochoro vya maduka ya jumla, kwa Kaggwa, na hilo ni jina la pili. Kaggwa alikuwa na stoo ya vinywaji. Alinunua spiriti ya viwandani, ile ya kuyeyushia rangi, akaichanganya na maji akaitia kwenye chupa. Alichokosa ni sura nzuri ya kuibandika nje. Sura ile nilimpa mimi.

Jumamosi moja mchana nilikwenda na Wafula kwenye kibanda cha Mama Furaha, karibu na reli. Huyu alikuwa mama wa Kikongo, anauza maandazi, soda, na pombe ya chupa kwa mafundi. Wafula alikuwa ameacha kunywa miezi mingi kwa sababu alipata kazi ya udereva. Alinisindikiza tu, anywe soda. Nikainua macho kwenye rafu. Nikamwona kanga wangu. Walikuwa wengi, wamejipanga, kila mmoja na madoa yake, miguu yao kwenye majani.

Ndugu zangu, yeyote aliyewahi kutengeneza kitu kwa mkono wake atanielewa. Mtu mwingine angeuliza lebo yangu imefikaje hapa. Mimi sikuuliza. Nilijaa furaha kama mama aliyemwona mwanawe kwenye gazeti. Niliwaambia watu wote pale kwamba ndege yule ni wangu. Nikasema nataka hiyo.

Mama Furaha akasita. Sikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo sehemu niliyoiruka. Alifungua chupa, akanusa, akasema, "Mama, hii muzigo iko mupya, imefika leo asubuhi. Harufu yake sijaizoea. Mukunywe ile ya zamani."

Mimi nikamwambia, "Nipe ya kanga. Huyu nimemchora mimi, utanifundisha?"

Na Wafula, ambaye hakuja kunywa, akacheka akasukuma soda yake pembeni. "Basi leo, dada, nitakunywa mkono wako."

Alikunywa kuniheshimu. Alikunywa zaidi yangu, kwa sababu kila nilipomweleza nilivyochora bawa, nilivyopiga doa, alimimina tena. Chupa ilipokwisha, niliilowesha kwenye beseni la Mama Furaha, nikaibandua lebo taratibu isipasuke, nikaitia kwenye daftari langu la chuo. Nilitaka kuihifadhi. Ile chupa tupu ikabaki pale bila lebo.

Jumapili kichwa kilinipasuka. Jioni macho yangu yakawa kama mtu ameyamwagia maziwa. Wafula alikuwa amelala chini anauliza kwa nini hatuwashi taa, na taa ilikuwa inawaka. Jumatatu alikufa hospitalini. Wafanyakazi wawili wa kiwandani waliokunywa pale pale walikufa wiki hiyo. Mimi Mungu aliniacha hai. Katikati ya macho ukungu ulibaki, na umebaki mpaka leo. Naona pembeni. Nikitaka kukuona wewe, inabidi nimtazame jirani yako.

Polisi walikwenda kwenye kibanda. Watu wa Kaggwa walikuwa wametangulia Jumapili, wakazoa makreti yote. Polisi wakakuta chupa moja tupu, haina lebo. Wakasema huyu mama anapika sumu yake mwenyewe. Wakamchukua Mama Furaha.

Ssempala alikuja kuniona wodini. Aliniletea machungwa, akanimenyea kwa mkono wake. Akakaa karibu kabisa.

"Nnyabo, lebo nani alichora?"

Nikasema ni mimi.

"Sasa ukitaja lebo, watakamata nani kwanza? Mimi nilifundisha tu. Kaggwa wewe hujui. Nyamaza, pona, rudi umalize. Cheti chako iko."

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba nilimtemea mate. Nilikula machungwa yake. Polisi walipokuja kuandika maelezo yangu, wakauliza kama chupa ilikuwa na lebo yoyote, nikasema haikuwa nayo. Neno moja tu, na mama wa watoto watatu akalala rumande miezi minane.

Nilirudi chuoni. Kwa jicho la pembeni nilichora nilivyoweza. Pombe niliacha kwa hofu, wala si kwa wokovu. Jirani akanileta hapa kwenye ibada ya Kiswahili, mkaniombea, nikalia, nikaokoka. Mkaniomba nishuhudie. Nikasimama nikasema Mungu ameniokoa na sumu ya mwanamke mmoja muuaji, Mkongo, anayeitwa Mama Furaha. Nilimtaja kwa jina mbele ya madhabahu. Mkasema amina, kanisa zima.

Baada ya ibada watu walipanga mstari kunishika mkono. Mmoja alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mtoto mgongoni na wengine wawili wamemshika nguo. Aliitwa Esperansi. Hakupandisha sauti.

"Mama, Mungu amekuponya, tunamushukuru. Yule ulimutaja ni mukubwa yangu. Hawa ni watoto wake. Tumuombee."

Mkubwa yake, yaani dada yake wa tumbo moja. Akanishika mkono kama wengine walivyonishika, akaenda zake.

Sikuweza kuondoka kwenye lile benchi. Ningekuwa nimetukanwa, ningejua la kujibu. Matusi nayajua, nimekaa kwenye ngazi za Nakasero. Lakini mtu aniombe tumwombee mtu ambaye nimemtia jela kwa mdomo wangu! Niliketi mpaka mfagiaji alipofika miguuni pangu na ufagio. Nikamwambia Mungu, unanitaka nini, cheti bado wiki tatu. Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Nilijua tu kwamba nikimaliza zile wiki tatu, nitakitundika cheti ukutani na sitaweza kukitazama, hata kwa jicho la pembeni.

Kesho yake nilichukua daftari, nikamtafuta Esperansi, nikamweleza yote barabarani, tumesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama mdogo wangu aliteseka. Nikasema ndiyo. Akasema twende.

Tulikwenda kwa wakili wa dada yake, na wakili akanipeleka mbele ya hakimu. Nikatoa lebo. Hakimu akauliza nitathibitishaje kwamba ni kazi yangu, sijaiokota njiani. Nikaomba karatasi na njiti ya kiberiti, na wino. Nilichora kanga yule nikiwa nimegeuza uso kama mtu anayeangalia dirishani, kwa sababu ndivyo ninavyoona. Madoa mengine yalitoka nje ya ndege. Lakini shingo ilikuwa ile ile, na miguu niliificha kwenye majani. Hakimu akaziweka mbili pamoja.

Sasa nisikilizeni, maana mashuhuda wengi huishia hapa, mambo yakiwa mazuri. Mama Furaha alitoka, lakini kibanda chake kilikuwa kimevunjwa na afya yake imeharibika. Alinitazama mara moja tu pale nje ya mahakama. Hajaniambia neno mpaka leo, wala simdai neno. Kaggwa alikimbia, wanasema ana duka jingine mji mwingine. Ssempala alikaa ndani majuma machache, akatoka, na nasikia anafundisha tena mahali. Chuo kilinifukuza, eti nimechafua jina la chuo. Mimi hakimu alinionya vikali kwa maelezo ya uongo, akaniachilia kwa kuyahurumia macho yangu. Ssempala na Kaggwa sijawasamehe. Nasema wazi ili nisije nikadanganya mara ya tatu. Namwomba Mungu anisaidie, na siku nyingine hata kuomba siombi.

Basi utaniuliza, Nekesa, umeokolewa na nini? Mdogo wako yuko kaburini, macho hayakurudi, cheti hukupata. Nitakujibu. Nilikuwa naamka kila siku nikiwa nimekalia kifua cha mwanamke asiye na kosa, na Mungu alininyanyua pale. Nguvu ya kunyanyuka sikuwa nayo mimi. Mwanamke aliyestahili kunipiga alinishika mkono, na katika mkono ule Bwana alikuwemo. Namshukuru. Kwa uchungu wote nilionao, namshukuru.

Na wewe unayesoma, kama uliwahi kusimama mbele ya watu ukasema Mungu amekutendea, na ndani yake kuna mtu uliyemsingizia au uliyemwacha nje ya habari, usiogope kusimama mara ya pili. Utatetemeka. Huenda utapoteza kile ulichokuwa unakilinda, mimi nilikipoteza. Mtegemee Bwana hivyo hivyo na kutetemeka kwako. Nenda kwa yule mtu uliyemruka, maana huko ndiko Bwana alikosimama muda wote huu, na hutamkuta kwingine. Amina.