Nani Amefika Huko Juu

Jumanne, Juni 16, 1998, saa kumi na dakika ishirini jioni, niliketi kwenye benchi la kahawa la Hamimu, karibu na stendi ya Bariadi, nikiwa na kipimo cha puto la hali ya hewa mapajani. Soko lilishakuwa huria: pamba ilikuwa na wanunuzi wanane, na vipimo vyetu vya kituo cha hali ya hewa sasa tuliuziwa na mfanyabiashara binafsi, kwa nusu bei. Kesho yake nilitakiwa kumwambia bosi kama tununue mia. Vikikosea, nimekosea mimi.

Niliwaeleza watu wa benchi: kinapima mgandamizo wa hewa, na kutokana nao tunapiga hesabu puto limepanda umbali gani.

— Hapa chini kinasoma sawa? aliuliza Kilo, mpima pamba wa kampuni mpya.

— Sawa kabisa na barometa ya ofisini.

— Basi yameisha. Mizani yangu ikisoma sawa siku ya kwanza, siikagui tena msimu mzima.

— Ndiyo maana gunia la shemeji yangu lilikonda kwako, alisema Meya, mwenye duka la khanga. Dada, hicho ni cha wanunuzi. Kinapanda, kinachungulia mashamba, kesho bei inashuka.

— Hakina kamera.

— Umekifungua?

Sikuwa nimekifungua.

— Acha kamba, Meya, alisema Kilo. Huko juu hewa ni kidogo, na kosa litakuwa kidogo.

— Ni kinyume chake, nilisema. Kosa la milibari moja ya mgandamizo hapa chini ni mita kumi. Juu sana ni mita mia kadhaa.

— Umeona? alisema Meya. Ndiyo maana ndege hazitui Bariadi.

— Hazitui kwa sababu hakuna uwanja, alisema Hamimu.

— Na uwanja haujengwi kwa sababu hawajui tuko juu kiasi gani.

Nyanjige, mama aliyekuwa akisubiri basi la Nassa, alirudisha kikombe.

— Mwanangu, huko juu nani ameshafika na barometa yake, akakuta kinasema kweli?

Kilo alitazama juu. Meya aliomba kahawa kwanza, ndipo ajibu. Hamimu akainamisha birika, halikutoa kitu.

Asubuhi iliyofuata nilifunga vipimo viwili kwenye puto moja, kipya na cha zamani. Chini vilikubaliana. Juu kabisa, kwa namba vilizotuma kwa redio, vilipishana mita mia tisa. Nikaenda posta, nikampigia bosi simu, nikamwambia tusinunue hata kimoja. Akaniuliza kama nina hakika na kile cha zamani. Nikamwambia sina.