Mashine Inamtafuta Dereva

Ndugu zangu, naomba nizungumze nikiwa nimesimama. Nikikaa nitapata mahali pa kuegemea, na hili jambo nimeliegemea muda mrefu mno. Namshukuru mwenyekiti wa jumuiya kwa kunipa nafasi kabla ya chai. Sitataja jina la mtu. Kama mnawajua ninaowasema, basi kaeni na majina yao moyoni.

Mimi mnanifahamu, ni fundi kompyuta hapa mjini. Siuzi zile zinazokuja zimefungwa kwenye boksi. Naunda mwenyewe, kasha nalitoa huku, memori natoa kule, nakaza skrubu, nachomeka umeme, inawaka. Siwafichi, najivunia kazi hiyo. Kuna watu walikuwa wakinikuta njiani wananiita profesa, na mimi nageuka.

Akanijia mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa dereva wa fuso, akibeba mpunga kutoka Milepa, na gari lilipinduka naye akipanda mlima. Mama alitaka kufungua chumba cha kuchapa barua na kutoa picha. Tena alikuwa na video moja tu ya marehemu, ya komunio ya kwanza ya binti yao, mzee anacheza uwanjani na kreti la soda kichwani, anacheka. Akaniambia anataka mashine ambayo huyu akicheza atamwona vizuri.

Kumwona vizuri ni kazi ya kadi ya picha. Kwa wasiojua, ni kile kibao cha ndani kinachochora vitu kwenye kioo. Nilikuwa nayo moja, ya zamani, imetumika huko ilikotumika. Nikaifuta vumbi kwa brashi ya rangi, nikamwambia ni mpya. Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Yaliyofuata yote ni kubingirika.

Mashine ilifanya kazi miezi kadhaa. Kila Jumapili baada ya misa mama anaweka video yake. Shangazi wa marehemu, bibi mzee aliyekuwa akikaa chumba cha uani, naye anakuja kutazama, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, kajifunga khanga mbili kwa baridi yetu hii. Jumapili moja aliinuka, akakipangusa kile kioo kwa ncha ya khanga, pale penye uso wa mtoto wa kaka yake. Alipangusa taratibu, akarudi kukaa.

Kesho yake mashine ikaingia mtandaoni, ikajisasisha yenyewe. Mama alipoweka video, uso ukawa wa kijani, ukakatika vipande, mdomo upande huu, macho upande ule. Halafu kioo kikawa cheusi na sauti ikabaki. Mzee akawa anacheka ndani ya weusi ule na muziki unaendelea. Mama akanipigia simu, nasikia kabisa meno yanagongana.

Nilipofungua niliuona ugonjwa mara moja. Ndani ya kompyuta kuna programu ndogo inayoiwezesha kuelewana na ile kadi. Sisi mafundi tunaiita draiva. Mashine ilipojisasisha ilitupa draiva ya zamani, na mpya haikuitambua kadi yangu. Nikaingia kwenye ukurasa wa watengenezaji. Kuna orodha ndefu ya kadi, nikashuka nayo mpaka chini, yangu haimo. Wameandika mstari mmoja kwamba toleo hilo halihudumiwi tena, basi, kwaheri. Nikauliza kwenye makundi ya mafundi, mmoja akasema nunua nyingine, mwingine akatuma kikatuni kinacheka. Wiki nzima najaribu draiva za kadi zinazofanana na ile, naweka, natoa, naweka. Nawaambia, kitu hakijaungua, hakijavunjika, halafu aliyekitengeneza anasema hakijui! Hasira ya namna hiyo inakula mtu.

Mama akaniuliza shida ni nini. Kwa kuwa ni mtu mzima, nikaona nisimchanganye na maneno yetu ya kifundi, nimwambie kwa Kiswahili kilichonyooka. Nikasema, "Mama, kinachosumbua ni dereva. Mashine inamtafuta dereva, haimpati."

Akanyamaza. Akakaa kwenye stuli polepole, akaniangalia.

"Inamtafutia nini? Si tulishamzika?"

Nilijua palepale alivyonielewa. Maneno mawili tu yangetosha kumweka sawa. Lakini ningeyasema angeuliza la pili, kwamba mashine mpya inakosaje hicho kitu, na jibu la hilo lilikuwa kwenye brashi yangu ya rangi. Basi nikaitazama skrubu mkononi, nikasema, "Mama, kuna mambo sisi hatuyajui."

Ndugu zangu, tunaishi kwenye mji ambao jina lake lenyewe, kwa lugha ya wazee wetu, linatuambia tuutupe uchawi. Mimi, mtu wa mashine za kisasa, ndiye niliyeuokota.

Familia ikakutana. Wakauliza nani aliigusa ile mashine kabla haijaharibika. Jibu likawa bibi, na ile khanga yake. Hakuna aliyempiga bibi, hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumsalimia. Watoto wakakatazwa uji wake wa ulezi. Ikafika siku akaambiwa kwa upole kwamba ana ndugu huko Kate, na Kate kuna hewa nzuri.

Nilimkuta stendi. Nilikuwa nimefuata mzigo wangu wa vifaa, naye amekalia kifurushi chake peke yake, anasubiri gari. Nilitaka nipite nyuma ya mabasi, akaniona. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri tu, halafu akasema, "Wewe fundi unazijua mashine. Mimi niligusa kioo tu. Kugusa kioo kunaharibu?"

Nikamjibu, "Sijui, bibi."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemsaidia.

Tangu siku hiyo sikuwa mzima. Mchana kweupe, dukani, watu wamejaa, nikiwasha kompyuta ya mteja yeyote nilikuwa nauona ule uso wa kijani umekatika vipande, ila sasa macho ni mekundu. Nikishika kioo nifute vumbi, mkono unakataa. Mke wangu aliniuliza kwa nini sifuti vioo siku hizi, nikamfokea bila sababu. Wakati wa komunio nilikuwa nakaa kwenye benchi, wenzangu wanapita mbele yangu kwenda kupokea. Nilimwogopa marehemu? Hapana. Nilikuwa naogopa lile swali.

Halafu akaja dada mmoja, mtumishi wa ofisi, mwenyeji wa Mbeya. Alileta kompyuta yake nimpulizie vumbi. Nafungua, nakuta kadi ileile, ndugu yake pacha, inafanya kazi vizuri. Nikamuuliza amefanyaje. Akasema yeye mashine yake haiingii mtandaoni, na ile sidii yenye draiva, iliyokuja na kadi, anayo kwenye droo, chini ya nyuzi za kushonea. Akaileta. Hakudai chochote, akaniambia tu nisiikwaruze.

Nikaenda kwa mama mbio. Nikaizuia mashine isijisasishe tena, nikaweka ile draiva ya zamani, nikawasha. Mzee akatokea na kreti lake, mzima, anacheka, jasho linaonekana kwenye paji la uso. Mama akalia. Nami nikavuta pumzi, nikajua yamekwisha.

Mama akafuta machozi, akasema, "Umeona, fundi? Tangu shangazi aondoke, mashine imepona."

Niliyekuja kutengeneza ndiye nimekamilisha ushahidi. Ningenyamaza, ningetoka pale nasifiwa, na yule bibi angekufa mchawi. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango tayari.

Nikarudi. Nikamwambia, "Mama, kaa uangalie." Nikaitoa ile draiva mbele yake. Uso ukawa kijani, ukakatika, kioo kikawa cheusi na kicheko kikabaki. Akapiga kelele. Nikairudisha, mzee akarudi. Nikaitoa tena, nikairudisha. Mara ya tatu nikampa mama sidii mkononi, nikamwambia huyu ndiye dereva niliyekuwa namsema, hana kaburi, na mumeo hakuna aliyemsumbua. Nikamwambia kadi ni kuukuu, nilimdanganya, na siku aliponiuliza nilijua amenielewa vibaya.

Aliiangalia ile sidii muda mrefu, mbele na nyuma.

"Kwa hiyo nimemfukuza shangazi kwa ajili ya kibao chako."

Hakunifukuza. Heri angenifukuza. Alivaa sweta, akasema twende.

Tulifika Kate, tukamkuta bibi anaanika ulezi. Mama alipiga magoti kwenye vumbi. Mimi nilitaka kueleza habari za draiva, nikaacha, nikapiga magoti pia. Bibi akatuuliza kama tumekula. Kurudi alirudi, ila baada ya siku tatu, ulezi wake ulipokauka.

Basi, nawashukuru. Namshukuru yule dada na droo yake ya nyuzi. Padri aliyenisikiliza namshukuru, maana aliniambia kitubio changu si rozari peke yake, nikaseme na penye watu. Mke wangu alivumilia kufokewa. Na mama, mwenye nyumba tulimokaa hivi sasa, ndiye aliyekubali niyaseme haya chini ya paa lake. Asante, mama. Duka langu lipo bado. Siku hizi kifaa kuukuu nakiita kuukuu, na nikisema neno mteja akanyamaza, nasimama kwanza nimuulize ameelewa nini. Hilo ndilo ninalowaachia. Mwenzako akinyamaza ghafla, usikimbilie kufunga mkoba wa vifaa vyako.

Lakini siwezi kuwaambia kwamba yote yamepona. Bibi akipewa kikombe cha chai humu ndani, anauliza kwanza kama akikishika hakitaharibika. Mnacheka, mnafikiri anatania. Hata leo ameketi pale mlangoni, mikono yake ameificha ndani ya khanga, na video ikiwekwa anatazama kwa mbali.

Bibi, shikamoo. Uliniuliza swali pale stendi nikakujibu uongo, tukiwa wawili tu. Leo nakujibu mbele ya hawa wote. Kugusa kioo hakuharibu. Hakujawahi kuharibu. Toa mikono, bibi, chai inakuja.