Springi za Mzigo: Siku ya Arobaini ya Sevda Kehayova

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Bwana iwe majumbani mwenu. Leo Sevda Kehayova ametimiza siku arobaini tangu atutoke. Asubuhi ngano ya kuchemsha, ile ya kumkumbuka marehemu, imegawiwa mlangoni pa kanisa, na kila aliyepokea kijiko amesema, "Mungu amsamehe." Sasa ketini nami kidogo hapa redioni. Namsimulia Sevda, mke wa Radko, mama wa Nevyana.

Sevda alizaliwa huku huku milimani. Alishona katika kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa, kisha akashonea watu nyumbani. Alikuwa na mdomo huyo! Padri alipomuuliza mbona anachelewa ibada, alimjibu, "Baba, Mungu anajua nilipo. Anayehesabu ni wewe." Padri mwenyewe alicheka.

Miaka mingi iliyopita Radko alinunua gari kuukuu lililokuwa la kusambazia mikate. Akalitia kitanda na jiko la gesi. Sevda akalishonea mapazia. Likawa gari lao la safari, na safari yao ilikuwa moja: Kavala, ng'ambo ya mpaka, Ugiriki, alikoolewa binti yao Nevyana. Kila vuli walilijaza pilipili hoho za kuchoma zilizohifadhiwa kwenye mitungi ya kioo, kabichi ya chumvi, viazi, maharage. Mnatujua. Sisi hatuendi kwa mtoto mikono mitupu.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka jana Sevda akaugua mifupa. Ugonjwa ukaingia uti wa mgongo, akawa mtu wa kulala. Mwaka huu Nevyana, aliyekuwa amengoja mtoto mpaka amekata tamaa, akashika mimba, na daktari akamkataza kunyanyuka kitandani. Basi mama amelala huku, binti amelala kule. Sevda alitaka jambo moja tu. Amwone mwanawe kabla hajafa.

Gari lilikuwa na kitanda. Lakini springi za nyuma zilikuwa zimechoka. Mabamba yake ya chuma yamenyooka, moja limevunjika, gari limekaa chini kama kuku anayeatamia. Mwezi wa saba Radko akaenda dukani kwa Gancho, muuza vipuri, pamoja na mpwa wake Kamen.

Kamen ndiye aliyenisimulia. Gancho aliweka springi za aina mbili mezani. Hizi laini, kama zile gari lilizotoka nazo kiwandani. Hizi nyingine zimeongezwa bamba, ni za mzigo.

"Mjomba, chukua laini," Kamen akasema. "Unabeba mgonjwa, hubebi saruji."

"Nyamaza wewe, uliyekwenda kuchumbia na maua ya plastiki!"

"Na nikakubaliwa."

"Walikuonea huruma."

Gancho akamwambia, "Mzee Radko, sikiliza. Springi za mzigo zinataka mzigo. Ukizipa mzigo zinatulia. Ukienda gari tupu, zitakurusha."

"Haliendi tupu," Radko akajibu. "Mwanangu anajifungua, nami nifike kwake kama mwizi, sina hata mtungi? Tutakwenda mwezi wa tisa. Pilipili zitakuwa zimeiva."

Akachukua za mzigo. Akazifunga yeye na Kamen. Nilipita uani kwao siku ile, nikaliona gari limesimama wima, nyuma juu, kama mbuzi anayetaka kupiga pembe. Sevda alikuwa kitandani karibu na dirisha. Akaniita kama mnavyoniita ninyi, akasema, "Mama, tazama mume wangu. Ananunulia kabichi godoro."

Alikuwa akicheka. Lakini jicho lake halikutoka kwenye lile gari.

Mwezi wa nane, Sevda akaacha kula. Daktari akamwambia Radko, "Kama ni kwenda, nenda kesho. Mwezi wa tisa usiufikirie." Pilipili zilikuwa bado mbichi shambani. Mitungi ilikuwa mitupu ghalani. Wakaondoka asubuhi, Radko, Kamen na mgonjwa, na gari halina kitu.

Wasikilizaji wapendwa, mnaijua barabara yetu ya kushuka bondeni. Kila shimo, zile springi ngumu zilimrusha Sevda juu na kumwangusha. Radko aliendesha polepole mpaka ng'ombe wakampita. Haikusaidia. Sevda, aliyevumilia sindano zote, alipiga kelele. Kwenye daraja akasema, "Radko, rudi. Nakuomba, rudi." Wakarudi.

Jioni ile Kamen alipakia magunia ya mchanga. Akaendesha gari mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, likaenda laini kabisa. Akaingia ndani mbio. "Mjomba, limetulia! Twende kesho!" Lakini Sevda hakuweza tena kuguswa. Shuka tu ikimgusa alilia. Aligeuza uso ukutani, akasema, "Mwambieni Nevyana nilifika darajani."

Akafa Ijumaa.

Nevyana hakuja kuzika. Hakuruhusiwa kunyanyuka. Nilimpigia simu juma hili kumwomba maneno ya kusoma hapa. Akasema, "Pilipili zinauzwa hata huku. Mimi nilimtaka mama." Nimeyasoma kama alivyoyasema.

Kwa Radko, kwa Nevyana na mumewe, kwa Kamen na ukoo wote wa Kehayov, poleni. Bwana ndiye anayejua kubeba kisichobebeka. Nasi tunaosikiliza tujiulize leo: nani anatungoja, na sisi tunangoja kujaza nini ndipo tuende? Mimi ni mjane, najua jibu la swali hilo linavyochelewa kuja.

Jumapili iliyopita Nevyana alijifungua mtoto wa kike. Mzima. Kamen akaenda kwa mjomba wake na funguo mkononi. Alikuwa ameazima gari dogo, jipya, lisilomrusha mtu.

"Mjomba, panda. Twende ukamwone mjukuu."

Radko alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Sevda. Hakuinua macho. "Nenda wewe," alisema. "Mimi nitamtazama Nevyana kwa uso gani?"

Kamen alisimama mlangoni mpaka akachoka, akarudisha gari la watu.

Radko, redio yako najua imewashwa. Sina la kukwambia. Nakuombea.