Joris Terwindt, Mpiga Chapa Aliyekataa Kutaja Jina

Ndugu, majirani, wazee wa kanisa, na wewe afisa wa mahakama uliyesimama hapo mlangoni, kwa niaba ya familia, mdogo wa marehemu, Lubbert, anawasomea maisha ya kaka yake kwa ufupi.

Marehemu Joris Terwindt alizaliwa Haarlem tarehe 9 Machi 1634, mtoto wa kwanza wa mfumaji wa kitani, akasoma shule ya Kilatini hadi baba alipofariki mwaka 1647, ndipo akaja hapa Amsterdam kujifunza kazi ya kupanga herufi za chapa, na mwaka 1659 akafungua karakana yake mwenyewe. Tarehe 2 Mei 1660 alifunga ndoa na Aechtje, wakajaliwa watoto wawili, Neeltje na Wouter, na kwa utani alimwita mkewe Bwana Mhakiki, maana hakuna kosa lililompita mama huyu.

Kazi iliyomponza ni kitabu cha mwaka 1678, kinachothibitisha kuwa Mungu yupo kwa akili peke yake, hatua kwa hatua kama hesabu za pembetatu, bila kuegemea Maandiko. Joris hakukichapa kama kasuku, alipofika hoja ya kumi na nne aliweka herufi chini, akamwambia mwandishi, "Hapa umeruka, bwana, hebu rudi unieleze," wakabishana siku tatu mpaka hoja ikaandikwa upya. Kama ilivyo desturi kwa vitabu vya namna hiyo, vinavyopigwa marufuku, ukurasa wa mbele haukuwa na jina la mwandishi, na mji uliotajwa ulikuwa Hamburg, si Amsterdam, lakini, jamani, akajisahau akatumia ile herufi D yake kubwa ya maua, iliyomeguka ukingoni, ambayo kila mpiga chapa wa jiji hili anaijua.

Alikamatwa tarehe 11 Januari 1679, akakaa ndani miezi minane, na kila alipoulizwa kitabu ni cha nani alijibu, "Someni hoja, jina halithibitishi kitu." Alitoka na kikohozi ambacho hakikumwacha tena, akafariki juzi, tarehe 20 Novemba, saa nne asubuhi, Aechtje akiwa amemshika mkono. Jana mahakama ilileta barua, kwamba mwandishi asipojulikana kabla ya maziko haya, marehemu atahesabiwa kuwa ndiye, karakana itachukuliwa, na mjane na watoto watabaki mikono mitupu.

Familia inamshukuru daktari aliyekuja kila siku bila kuitwa, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliobeba jeneza.

Familia inaiarifu pia mahakama kwamba kitabu kile kiliandikwa na Lubbert Terwindt, mdogo wa marehemu, aliyenyamaza miezi minane yote kwa woga, na aibu hiyo anaikiri mbele ya shemeji yake na mbele yenu, wala hatakimbia, akishakunja karatasi hii anakuja hapo mlangoni.

Pumzika sasa, kaka, hakuna atakayekuuliza tena.