Kitabu cha Joka Kilinirudisha Shambani

Mwakeye, mama zangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba niseme kwa kifupi. Miaka mitatu nimekaa kimya, kwa hiyo leo anivumilie.

Mnanijua kama mama wa maandazi pale stendi ya Kasulu. Nilivyofika mjini wengi hamjui. Kwetu ni Nyakitonto. Mume wangu aliugua tumbo wiki mbili tu, akafa. Matanga hayajaisha, maneno yameshazunguka kijiji kizima: kamroga mumewe. Shemeji yangu mkubwa akaja mlangoni.

"Shemeji, ondoka kabla vijana hawajachoma nyumba."

Niliondoka na watoto wangu, ndoo moja na kanga niliyovaa. Shamba la maharage nililolima kwa mikono hii nililiacha likitoa maua.

Ndugu zangu, nawaambia, ukisemwa sana unafika mahali unaanza kujishuku. Nilijiuliza kama kweli nilimuua. Nikawa nakunywa pombe ya ndizi asubuhi, kabla hata ya chai. Msicheke, wengine wenu mliniona.

Chumba cha jirani alikuwa amepanga mwalimu, mwanamke wa Tanga, Mwislamu. Mchana nikichambua maharage ya kupika, anakuja na kigoda chake na kitabu. Kitabu cha majoka! Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimefukuzwa kwa uchawi, na wewe unaniletea uchawi mwingine?"

Akacheka. "Sikiliza kwanza, dada yangu. Ukichukia tunafunga."

Nikasikiliza. Joka lilikuwa limemeza chemchemi ya kijiji. Hakuna aliyewahi kuliona, lakini kila watu waliponong'ona habari zake, lilinenepa. Wakasema binti mmoja yatima ndiye analifuga, wakamfukuza. Yule binti hakuwa na upanga wala hirizi. Alirudi mchana kweupe, akasimama katikati yao, akamuuliza mmoja mmoja: wewe uliona nini? Kila aliyejibu, "Sikuona, nilisikia," joka likanywea, mpaka likabaki kama mjusi.

Nikamwambia Mwalimu arudie hapo. Akarudia. Mara ya tatu nikalia, na hakikuwa kilio cha huzuni. Nilikuwa na hasira.

Wiki ile sikunywa. Iliyofuata, Mwalimu alinisindikiza kwa mtendaji wa kijiji kule Nyakitonto, naye akakubali kukaa kwenye kikao cha ukoo. Nilisimama mbele yao.

"Shemeji, uliona nini?"

"Watu wanasema..."

"Sijauliza watu. Nakuuliza wewe."

Nikamgeukia wifi yangu. Yeye aliambiwa na jirani. Jirani naye alisikia kwa mwingine. Nikafika kwa mama mkwe, mama aliyemzaa marehemu. Akanitangulia.

"Sikuona kitu, mwanangu. Nilifiwa, nikaogopa."

Mtendaji akafunga daftari lake, akasema shamba ni langu na watoto wangu. Shemeji mpaka leo hanisalimii. Asinisalimie! Mimi nalima.

Namshukuru Mwalimu, aliyekaa na mlevi akamsomea. Namshukuru mama mkwe, maana alisema kweli mbele ya wanawe. Na nyie mlionipokea nikinuka pombe, Mungu awalipe.

Ila kuna mama humu ndani alisema vitabu vya majoka vinafundisha ushetani. Simtaji. Mama, mimi walionifukuza hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha joka. Kile kitabu kina viumbe ambavyo havipo duniani, na bado kilinifundisha haki ambayo binadamu wa kweli walininyima. Kilinifundisha nisikubali hukumu ya mtu ambaye hakuwepo. Hilo nawaachia, na wafundisheni binti zenu.

Kila Jumamosi saa tisa mchana, mimi na Mwalimu tunasoma kwa sauti kibarazani kwangu. Anayetaka kunipinga, mlango uko wazi. Aje na mkeka wake, akae mpaka ukurasa wa mwisho, halafu tubishane.